Kugandisha na Kukausha: Historia Fupi ya Bakteria Waliolazwa na Tatizo la Istilahi Yao

Kitenzi ganda ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyotwishwa mzigo mkubwa. Maji huganda yakawa barafu. Maziwa huganda yakawa mtindi. Damu huganda juu ya jeraha. Samli huganda asubuhi ya baridi. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea, maana kitu kinachotajwa huonyesha aina ya kuganda inayokusudiwa. Lakini katika maandishi ya sayansi, na hasa katika maelekezo ya tiba, mzigo huo waweza kumwelemea msomaji. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jinsi tatizo hilo lilivyojitokeza katika taaluma moja, yaani taaluma ya kuwahifadhi bakteria wenye manufaa wakiwa hai kwa kuwakausha.

Mwandishi alilitambua tatizo hili Ngombezi, wilayani Korogwe, katika nchi ya mashamba ya mkonge. Bibi mmoja alikuwa amempeleka mjukuu wake kuchanjwa. Muuguzi alimweleza kwamba chanjo ya kifua kikuu iliyomo ndani ya kichupa "imegandishwa, kisha ikakaushwa". Bibi akauliza, "Basi ni kama mtindi, mwanangu?" Muuguzi alicheka kidogo, akajibu, "Hapana, bibi. Iligandishwa kama barafu. Vijidudu vyake havikufa, vimelala tu." Bibi aliridhika. Swali lake, hata hivyo, halikuwa la mzaha. Kwa mtu aliyezoea kibuyu cha maziwa, kugandisha maana yake ni kutia chachu. Na chachu yenyewe si kitu kingine ila bakteria hai. Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani, ijapokuwa neno lilimpeleka kwenye njia nyingine.

Watu wamewafuga bakteria kwa karne nyingi bila kuwajua. Anayeacha maziwa kidogo katika kibuyu ili yagandishe maziwa ya kesho anahifadhi mbegu ya viumbe hai. Elie Metchnikoff, mtaalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ndiye aliyelipa jambo hilo sura ya kisayansi mwanzoni mwa karne ya 20, alipotoa hoja kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka huenda wakaleta afya na umri mrefu. Lakini chachu ya majimaji ina udhaifu mkubwa: ni lazima ilishwe. Bakteria wakikosa chakula, au wakizidiwa na asidi wanayoitoa wenyewe, hufa.

Udhaifu huo ulionekana pia katika chanjo. Albert Calmette na Camille Guérin walianza kazi yao mjini Lille mwaka 1908, wakiotesha na kuotesha tena bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, jumla ya mara 230, hadi wakapoteza ukali wao. Mwaka 1921 chanjo yao, BCG, ilitolewa kwa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. BCG ni chanjo ya bakteria walio hai, na bakteria wakifa faida yake hutoweka. Chanjo hiyo ilipokuwa ya majimaji ilidumu majuma machache tu, nayo ilihitaji baridi. Kuifikisha mbali na maabara ilikotengenezwa, katika nchi za joto, lilikuwa jambo gumu sana.

Ufumbuzi ulitoka katika njia ambayo wenyeji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, waliitumia tangu zamani kukausha viazi kwa jalidi ya usiku na jua la mchana. Katika maabara, njia hiyo ilifanyiwa majaribio na Bordas na d'Arsonval mjini Paris mwaka 1906, na Shackell nchini Marekani mwaka 1909. Katika miaka ya 1930 Flosdorf na Mudd, wa Marekani pia, waliitengenezea mitambo ya kufaa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kukausha utegili wa damu kwa ajili ya majeruhi. Baada ya vita ilihamia kwenye chanjo. Katika miaka ya 1950 Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, Uingereza, aliikamilisha kwa chanjo ya ndui, na katika miaka hiyohiyo BCG kavu ikaanza kushika nafasi ya ile ya majimaji.

Kanuni yake ni hii. Kitu hufanywa kwanza barafu, kisha huwekwa katika ombwe. Kanieneo ya hewa ikishuka mno, barafu haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka mvuke moja kwa moja na kutoka. Kinachobaki ni unga mwepesi wenye unyevu mdogo sana. Bakteria waliomo hawali wala hawazai. Wamo katika hali ya bwete, kama mbegu ghalani.

Hata hivyo, safari hiyo ina hatari zake. Maji yanapokuwa barafu, chumvi hukolea katika sehemu isiyoganda na kuwadhuru bakteria, na chembe za barafu huweza kupasua ngozi zao. Maji yanapoondolewa, ngozi hizo hupoteza umbo. Ndiyo maana wataalamu huchanganya kwanza vitu vya kukinga, kama vile maziwa yaliyoenguliwa mafuta, sukari ya kawaida, au sukari iitwayo trehalozi, ambayo hushika nafasi ya maji pembeni mwa ngozi ya bakteria. Baada ya kukaushwa, maadui wanaobaki ni wanne: joto, unyevu, oksijeni na mwanga. Kwa sababu hiyo vichupa vya BCG huzibwa vizuri na mara nyingi huwa na rangi ya kahawia.

Tanzania iliingia katika mpango mpana wa chanjo mwaka 1975, na tangu hapo BCG kavu imesafiri hadi vijijini. Bakteria wa maziwa nao wana historia yao katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004, mjini Mwanza, akina mama wa kikundi kimoja walianza kutengeneza mtindi kwa bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Nchini Uganda, mradi wa Yoba ulichukua njia ya kukausha: pakiti ya gramu 1 ya bakteria wakavu yatosha kugandisha lita 100 za maziwa. Hapa ndipo maana mbili za neno letu zinapokutana katika sentensi moja, kwani bakteria "waliogandishwa" ndio "wanaogandisha".

Katika maziwa, utata huo huleta kicheko. Katika chanjo, waweza kuleta hasara. Chanjo ya pepopunda ikiwa barafu huharibika. BCG kavu haidhuriki kwa baridi kali, lakini maji yake ya kuzimulia hayapaswi kuwa barafu, maana kichupa huweza kupasuka. Mwandishi amepata kuona karatasi ya maelekezo ambayo katika ukurasa mmoja ilisema "chanjo iliyogandishwa" na, mistari michache chini yake, "usigandishe". Msomaji makini atajiuliza atatiije maagizo mawili yanayopingana; msomaji mwenye haraka atachagua moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kuganda na kugandisha viachiwe maziwa, damu na mafuta katika maandishi ya tiba na lishe. Kwa maji tuseme kufanya barafu, na onyo liwe "isifanywe barafu". Pili, njia tuliyoieleza iitwe ukaushaji barafuni, na bidhaa yake iliyokaushwa barafuni. Neno la mkopo lingeweza kutumika, lakini lisingemwambia muuguzi lolote, hali istilahi hii inataja hatua zote mbili. Tatu, kuongeza maji kuitwe kuzimua, na maji yenyewe kizimuo. Kitenzi hiki tunacho tangu zamani, wala hatuna sababu ya kukiacha. Kitasaidia pia kukumbusha kwamba BCG ikishazimuliwa usingizi umekwisha: isipotumika katika muda wa saa 6 sharti itupwe.

Mapendekezo haya si amri. Istilahi huthibitishwa na watumiaji, na huenda wenzetu walioko mahospitalini, mashuleni na katika viwanda vya maziwa wana maneno bora zaidi ambayo hayajatufikia. Tunawaomba watuletee. Kipimo chetu kiwe kile cha bibi wa Ngombezi: neno likitajwa mbele yake, asilazimike kuuliza kama ni mtindi.