Dokumentari za Turkana na emuron aliyegeuzwa mchawi

Mjadala wa mafuta au ardhi ukifika kwetu Lodwar, hakosi mtu wa kusema "hawa hawakuwa na utawala wowote kabla ya mkoloni." Muulize ametoa wapi. Mara nyingi ni dokumentari. Uzi wa leo ni juu ya hizo dokumentari. Wanasiasa na vyama siwataji, mnajua utaratibu wetu.

Nimeona nyingi na mpangilio karibu ni ule ule. Kwanza mifupa: kijana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, umri kama miaka milioni 1.5. Kisha ngoma, shanga, na mzee anayerusha viatu chini asome yajayo. Halafu ukame. Halafu Kakuma, ambayo inaanza 1992 kambi ilipofunguliwa, kana kwamba hapo hapakuwa na mtu. Mwisho Ngamia 1 na mafuta ya 2012.

Kati ya mifupa na ukame hakuna mwaka hata mmoja!

Huyo mzee wa viatu ndiye shida yangu. Msimulizi humwita mganga, wengine mchawi kabisa. Sisi tunamwita emuron. Walio wakubwa hupokea neno la Akuj, Mungu, kwa ndoto, na zamani vita havikuanza bila wao. Karne ya 19 alikuwepo Lokerio, anayekumbukwa kwa jinsi Waturkana walivyopanuka enzi zake. Waingereza walipokuja na kodi na kuchukua mifugo, upinzani ulikuwa na Ebei upande wa mapigano na Koletiang upande wa emuron. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatuma msafara mzima wa kijeshi, Labur Patrol. Sasa niambieni, jeshi lote hilo ni la kumfuata mpiga ramli?

Sisemi walikuwa malaika. Baraka hizo hizo zilitangulia uvamizi wa mifugo ya majirani, na majirani nao wana simulizi zao. Lakini huo ni utawala: una mamlaka, una amri, una makosa.

Na lile neno "jamii iliyotengwa na dunia"? Ilitengwa na nani? Mkoloni aliifunga wilaya, kuingia ni kwa kibali. Ndiyo maana Kenyatta alifungwa Lokitaung kisha akawekwa Lodwar.

Mtu akishaamini mzee ni mchawi, hataona sababu ya kumwita kwenye kikao cha ardhi, hata sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 ikisema jamii ishirikishwe. Atamwita aje kucheza ngoma ya kufungua mkutano.

Kuna tofauti moja. David na Judith MacDougall walirekodi Turkana miaka ya 1970, na katika "Lorang's Way" wenyewe wanaongea Kiturkana chao, tafsiri inapita chini ya picha. Lorang alishawahi kuwa jeshini, ameiona dunia, na anaijadili. Ukiipata, itazame na babu yako, halafu muulize emuron wa kwao aliitwa nani.