Uanagenzi wa Biashara katika Njia Panda ya Sonatubes

Sehemu nyingi za Kigali zimepata majina yao kwa vilima na mabonde, lakini njia panda iliyoko Kicukiro, ambapo barabara itokayo mjini kwa kupitia Rwandex hukutana na ile iendayo Remera na uwanja wa ndege wa Kanombe, na ile iteremkayo Gahanga hadi daraja la Akagera na nchi ya Bugesera, imepata jina lake kwa kiwanda cha mabomba ya chuma. Abiria asiyepata kununua bomba hata moja maishani mwake humwambia mwenye pikipiki ampeleke Sonatubes, naye hupelekwa pasipo swali. Ni haki basi kwamba atakaye kujua jinsi vijana wa mji huu walivyofundishwa kazi za biashara, tangu zamani za boma la Wajerumani hata zama hizi za mwanafunzi kukaa mwaka mzima katika kampuni, aanze kutazama kutoka hapa.

Lakini habari yenyewe yaanzia mbali na Kigali, kwani desturi ya kumweka kijana mikononi mwa mkubwa wa kazi ni kongwe katika pwani yetu ya Waswahili. Mzazi wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyetaka mwanawe awe seremala au sonara alimpeleka kwa fundi, na tangu siku ile kijana akawa mwanagenzi, akifagia karakana, akishika ncha ya ubao, akitumwa sokoni, na akiutazama mkono wa fundi mpaka mkono wake mwenyewe ukazoea. Alipohitimu, jamaa zake walimpa fundi kilemba, tunzo ya shukrani na ishara kwamba kijana sasa aweza kusimama peke yake. Ahadi ile ilizifunga pande mbili: mwanagenzi alitoa utii na nguvu zake, na fundi alijifunga kutoa ujuzi, kwani kijana aliyetoka kwake hali hajui kazi alimwaibisha fundi kabla ya kumwaibisha mzazi.

Watu wa pwani waliifikisha desturi hiyo Kigali walipolifuata boma lililoanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Pamoja nao walikuja Wahindi na Waarabu, na duka likawa mahali pa kufunzwa: kijana alianza kwa kupima chumvi na kukunja vitambaa vya marekani, akaendelea hadi kushika funguo za ghala, na aliyethibitika kuwa mwaminifu akakabidhiwa daftari la madeni. Hapakuwa na mtihani ila ule wa kila jioni, fedha zilipohesabiwa mbele ya tajiri.

Wabelgiji, walioishika nchi kuanzia mwaka 1916, walileta njia nyingine. Shule kubwa ya Astrida, mji uitwao sasa Huye, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya Mabruda wa Upendo, iliwafundisha vijana wachache kuwa wasaidizi wa tabibu, wa mifugo, wa kilimo na wa utawala. Elimu ile ilileta heshima kubwa, lakini iliitenga kalamu na ghala: karani alijifunza kuandika hesabu za vitu asivyopata kuvishika. Hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 na kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Taifa katika mji huo huo, ulioitwa wakati ule Butare, mwaka uliofuata, mtengano huo haukwisha upesi, kwani mwenye shahada aliitazama ofisi ya serikali, na biashara ikabaki kwa waliozaliwa ndani yake.

Wakati huo huo bonde la Gikondo, chini kidogo ya njia panda yetu, lilikuwa likijaa viwanda na maghala. Hapo kahawa ya Rwandex ilitayarishwa kwa safari ya ng’ambo. Hapo maghala ya forodha ya Magerwa yalipokea makasha yaliyotoka Mombasa na Dar es Salaam, na Kiswahili cha madereva kikasikika langoni hata na wale waliosoma Kifaransa tupu. Na jirani, katika shule ya ufundi ya ETO iliyosimamiwa na Wasalesiani, vijana walijifunza kazi za mikono. Kutoka katika mila ya Kifaransa ikaja sitaji, muda wa mwanafunzi kukaa kazini kabla ya kupewa cheti, ambao Wanyarwanda huuita kwimenyereza umwuga. Uanagenzi ukarudi kwa mlango wa shule, lakini ukarudi umepungukiwa: mwanafunzi sasa alikuwa wa chuo, si wa fundi, na kampuni ilimpokea kama mgeni.

Mwaka 1994 njia panda hii iliingia katika tarehe kwa msiba usiopitwa kimya. Watu zaidi ya 2,000, wengi wao Watutsi, walikuwa wamekimbilia ETO wakitumaini ulinzi wa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Wakimbizi walipojaribu kwenda uwanja wa michezo wa Amahoro walizuiwa Sonatubes na wanajeshi pamoja na wanamgambo wa Interahamwe, wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, na wengi wao wakauawa huko. Roho ya mtu hailinganishwi na kitu chochote. Lakini mwenye kuandika habari za kazi hana budi kuongeza kwamba katika mauaji ya kimbari ya mwaka ule nchi nzima ilipoteza walimu, wahasibu, wenye maduka na mafundi, na kwamba maarifa ambayo hayajaandikwa popote hufa pamoja na mwenyewe. Mnyororo wa mkubwa kumfunza mdogo ulikatika mahali pengi kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu serikali mpya ya baada ya mauaji hayo iliharakisha kufungua vyuo vya kazi. Taasisi ya sayansi na teknolojia, KIST, ilifunguliwa mwaka 1997. Chuo cha fedha na benki, SFB, kilifuata mwaka 2002, kikakaa Gikondo, na mwaka 2013 vyote viwili viliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. ETO yenyewe ikawa chuo cha ufundi cha IPRC Kigali. Wanafunzi wa vyuo hivyo hupelekwa kazini kama sehemu ya masomo, aghalabu kwa miezi michache. Mwaka mzima ni bahati ya wachache.

Wala kumweka mwanafunzi kazini kwa muda mrefu si wazo geni duniani. Chuo cha ufundi cha Sunderland, Uingereza, kilianza mwaka 1903 kuchanganya darasa na kiwanda. Herman Schneider akafanya vivyo hivyo Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, kwa wanafunzi 27 wa uhandisi. Kwetu Afrika Mashariki, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi, likimtaka kijana wa Tanzania afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, sharti lililolegezwa baadaye. Jambo lililo moja kwa wote ni imani kwamba kazi haijulikani kwa kuichungulia.

Katika biashara imani hiyo ina hoja ya pekee, nayo ni kwamba duka lina majira kama shamba. Chukua mwanafunzi aliyewekwa katika ghala la chuma karibu na Sonatubes. Akija Juni na kuondoka Agosti, ataona kiangazi tu, wakati wa ujenzi, ambapo mafundi wa mageti na madirisha husimama foleni tangu asubuhi, na atarudi chuoni akidhani kuuza ni jambo jepesi. Hatakuwepo masika, magari yanapochelewa na wateja wakaomba kulipa mwezi ujao. Hatakuwepo Desemba, mali inapohesabiwa, wala Machi, hesabu za mwaka zinapotakiwa kufika kwa Mamlaka ya Mapato zisipite tarehe 31. Hatakuwepo Aprili, juma la kumbukumbu linapoanza tarehe 7, shughuli zikapungua, na watu wa mtaa huu wakaelekea Nyanza kuwakumbuka waliopita njia hiyo hiyo.

Akikaa mwaka, ataona mengi zaidi. Atamwona mtunza ghala akihesabu mzigo wa mabomba bila kuinua hata moja, kwa kutia alama ya chaki katika kila ncha iliyomkabili. Kisha atamwona akichomoa mabomba mawili ya mraba yaliyo sawa machoni, yenye urefu mmoja wa mita 6, na kupima unene wa ukuta wake kwa kipimo cha taya. Tofauti ni sehemu ndogo ya milimita, na mteja asiyeijua hulipa bei ya nene akachukua jembamba. Hapo mwanafunzi hufahamu kwamba uaminifu wa mfanyabiashara una kipimo, na kwamba risiti ya mashine ya kodi, yenye asilimia 18 ya ongezeko la thamani, haisemi neno juu ya unene.

Lakini mwaka peke yake haufundishi. Wako vijana waliokaa muda mrefu katika ofisi wakitoa nakala za karatasi na kuleta chai, kisha daftari lao la kazi likagongwa muhuri na mtu asiyewajua kwa majina. Taksiri hiyo si ya kijana. Fundi wa zamani alikuwa na dhamana, na heshima yake ilikwenda mjini pamoja na mwanagenzi wake; kampuni ya leo haidaiwi kitu ila sahihi. Kama vyuo vyataka mwaka wa kazini uwe na manufaa, mkataba wake usitaje jina la kampuni tu, bali utaje na jina la mtu mmoja ndani yake atakayefundisha, apunguziwe kazi nyingine kwa ajili hiyo, alipwe kwa kufundisha kwake, na mwisho wa mwaka aulizwe yeye kwanza kabla ya mwanafunzi: kijana huyu umemfunza nini?