Vitabu vya Ufipa na Watoto Waliokosa Mstari

Taja Sumbawanga mbele ya Watanzania watatu na wawili watakuletea utani wa radi. Jina lenyewe husemwa lina maana ya "tupa uchawi", basi tumelicheka miaka nenda rudi. Leo nataka kuuzungumzia mji huu na uwanda wake kupitia vitabu. Si riwaya: ni yale madaftari makubwa ya mistari ambamo vifo vya watoto viliandikwa, au havikuandikwa.

Anza na misheni. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha wakasambaa hadi juu Ufipa. Kila kituo kilitakiwa kuwa na shajara ya kila siku, pamoja na daftari za ubatizo na vifo. Mtoto aliyebatizwa akiwa taabani aliandikwa kwa uangalifu, maana roho yake ilihesabiwa. Mwenzake aliyefia nyumba ya jirani bila maji ya ubatizo hakupata mstari. Daftari halisemi uongo, ila linajibu swali la padre.

Karema hiyohiyo alifika mwaka 1889 Adrien Atiman, mtoto wa pande za Timbuktu aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, na hospitali moja ya Sumbawanga mjini inaitwa kwa jina lake. (Mtu huyu anastahili riwaya nene, waandishi mpo?) Lakini hata yeye, kama daktari yeyote, alimwona mgonjwa aliyeletwa kwake.

Mkoloni naye alikuwa na kitabu chake: cha kodi. Mtoto mchanga halipi kodi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, ila kwa Waafrika walio wengi haikuwa lazima. Kwa serikali, mtoto wa Kifipa angeweza kuja duniani na kuondoka bila karani yeyote kuchovya kalamu.

Sasa hapa ndipo historia inaponoga. Mwaka 1948 ilifanyika sensa ya Afrika Mashariki. Baada ya hesabu ya jumla, makarani walirudi kwenye maeneo machache ya sampuli na maswali zaidi. Wanawake wakaulizwa wamezaa watoto wangapi, na wangapi wamekufa. Mskoti mmoja, William Brass, mtakwimu wa Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki wakati huo, aliyachukulia majibu ya namna hiyo kwa uzito. Baadaye akaonyesha kwamba ukijua umri wa akina mama na sehemu ya watoto wao waliofariki, unaweza kukadiria uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kufikisha miaka miwili, mitatu au mitano. Njia yake inatumika duniani mpaka leo.

Mimi kinachonishika ni swali lenyewe. Karani mgeni anakaa uani, karatasi mkononi, na kumtaka mama ataje marehemu wake kwa idadi. Kwa wengi wetu kuhesabu watoto, hata walio hai, ni kuita balaa. Na yule aliyeishi siku mbili tu, anahesabiwa? Mama wengine humruka, na anaporukwa takwimu nazo zinapona kwa uongo. Hata hivyo, baada ya padre na mkusanya kodi, huyu ndiye wa kwanza aliyeuliza penye jibu: kwa mama.

Miaka ya 1990 zahanati zetu zikapata MTUHA, vitabu vya taarifa za huduma za afya. Vinasaidia sana, ila vinamjua aliyefika zahanati. Ndiyo maana Rufiji ikawa muhimu. Huko, watu walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi michache, wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, na kwa dalili zipi. Ikaonekana malaria inaua kuliko bajeti ya wilaya ilivyokuwa ikidhani. Halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini zikahamisha fedha kufuata vifo, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache.

Kitaifa, tafiti za kaya zinaonyesha vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa 2004/05, na 43 katika ule wa 2022. Tafiti hizohizo ndizo zilizoisema Rukwa vibaya: mwaka 2015/16 asilimia 56 ya watoto wake walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, katika mkoa unaouza mahindi kwa wengine. Kwa miaka mingi mizani ya kliniki ilipima kilo, na udumavu unaonekana kwenye urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuning'inia kwenye mizani ile akicheka, kadi yake ikaandikwa vizuri, na mama akaambiwa arudi mwezi ujao.