Msuko wa Begani

Katika harusi za watu wa Uskoti mara nyingi twaona wanaume wamevaa koti fupi la heshima. Juu ya kila bega umelala msuko mnene wa kamba, nao umeshikwa kwa kifungo cheupe karibu na shingo. Wengi hudhani ni pambo tu. Lakini msuko huo una habari yake, nayo yafaa ijulikane.

Hapo kale askari alichukua silaha zake kwa ukanda wa ngozi uliopita begani. Alipokwenda mbio ukanda uliteleza. Basi mafundi walishona kamba au kitambaa begani kwa kuuzuia. Ndiyo kusema, kabla ya kuwa pambo, kitu hicho kilikuwa mtumishi.

Fundi ausukaje? Huchukua kamba tatu au nne, huzibana vichwa juu ya ubao, kisha huzipitisha moja juu ya nyingine, kama mama asukavyo ukili wa mkeka. Yampasa kuzivuta zote sawasawa. Moja ikilegea, msuko wote hupinda. Mwishoni hufunga ncha kwa uzi zisifumuke, akaushona msuko juu ya kitambaa cha koti lenyewe.

Sasa tuseme mambo ya vita. Tarehe 16 Aprili 1746, watu wa milima ya Uskoti waliomfuata Charles Edward Stuart walishindwa huko Culloden. Serikali ya London ilitaka kuvunja nguvu ya koo zao. Ikatoa sheria: tangu Agosti 1747, mwanamume wala kijana asivae tena mavazi ya milimani. Hata ukanda wa begani ulitajwa katika sheria hiyo. Aliyekosa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili alipelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme peke yao waliruhusiwa kuyavaa. Basi, jambo la ajabu, vazi lililokatazwa na serikali lilitunzwa katika jeshi la serikali ile ile! Kwa hiyo tusishangae kuona alama za kiaskari juu ya koti la harusi.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Na mwaka 1822 mfalme George IV mwenyewe alifika Edinburgh, akavaa mavazi ya milimani. Vazi la aibu likawa vazi la wakubwa.

Je, wenye vazi nao walirudishiwa heshima? Hapana. Katika miaka ile ile wenye mashamba waliwafukuza watu wengi milimani, wapate malisho ya kondoo. Wakatoliki wa Glengarry walikuwa miongoni mwao. Padri wao, Alexander Macdonell, hakuwaacha. Kwanza aliwatafutia kazi katika viwanda vya Glasgow. Kazi ilipokoma, aliwaombea ruhusa ya kuunda kikosi cha askari Wakatoliki, mwaka 1794, naye akawa padri wao. Kikosi kilipovunjwa mwaka 1802, aliwaombea mashamba huko Kanada, akaenda mwenyewe mwaka 1804. Mwaka 1826 aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Kingston, katika nchi hiyo hiyo.

Tupime mambo hayo mawili. Mfalme aliheshimu nguo, na sikukuu ikapita. Padri aliheshimu watu wenye nguo, nao wakapata kwao. Ni vema kutunza desturi za wazee, tena tuwafundishe watoto wetu kusuka na kushona. Lakini anayesifu ngoma na mavazi ya jirani, kisha akamwacha jirani huyo afukuzwe shambani kwake, ameshika msuko na kulitupa bega.