Tundu ndogo kwenye kidole: historia iliyoanza na mazutu



Kwetu Kiwanja kila mulimaji anajua pompe ya kupuliza dawa ya nyanya. Miye niko agronome, njo kitu nilisomea: ile ya mugongoni inatumika kwa bari 2 mpaka 4. Ukiweka mukono mbele yake, utaloana tu (dawa ni sumu, unawe, lakini hiyo ni habari ingine). Hatari ni kufikiri kila kitu inayopuliza iko hivyo. Kuanzia karibu bari 7, mafuta ao rangi inaweza kutoboa ngozi. Na mashini ya kupaka rangi ile mafundi wanaita airless inasukuma kwa bari 200 na zaidi.

Historia yenyewe haikuanza na rangi. Mwaka 1927 kampuni Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza kwa wingi pompe ya kuingiza mazutu kwa presio ndani ya injini, na makamio ya diesel yakaenea. Miaka 10 kisha, 1937, munganga C. E. Rees akaandika katika gazeti la waganga la Marekani, JAMA, namna mazutu ya injini yenye presio kali inapenya katika nyama ya mutu. Airless ikakuja mwishoni mwa miaka ya 1950, na waganga wakaanza kupokea wapaka-rangi wenye kidonda kilekile.

Inatokea hivi. Ncha ya pistole inaziba, fundi anaifuta na kidole, kumbe presio ingali ndani. Njo maana mara nyingi inapiga kidole cha kwanza cha mukono ule haushike pistole. Kwa nje unaona tundu kama ya shindano, damu kidogo, maumivu hata haiko. Fundi anacheka, anarudi kazini. Ndani, rangi imekimbia kufuata mishipa ya kano, labda mpaka kiganjani. Inavimbisha, inafinya damu, inaunguza nyama. Katika visa ambavyo waganga wamekusanya, karibu mutu 1 kwa 3 anakatwa kidole ao zaidi. Rangi ya mafuta na tina njo mbaya kuliko grisi.

Kwetu airless haijazoeleka sana. Lakini Fuso za maharagwe zinapita kila siku kwenye barabara ya RN2, na mekanisiye akitafuta fasi tuyo ya enjektere inavuja, anapitisha mukono. Ni kisa kile cha 1937, wandugu. Kipande cha karto kinaonyesha uvujo vilevile.

Sheria namba 16/009 ya 15 Julai 2016 inaweka aksida za kazi chini ya CNSS, lakini kibarua wa kulipwa kwa siku, patro hakumuandikisha, atapata nini? Basi asingojee maumivu. Shindano ya antibiotike peke yake haitoshi: inafaa munganga wa upasuaji apasue, asafishe, kabla ya saa 6 kupita. Hospitali kuu ya Rutshuru iko karibu. Abebe na kopo ya rangi, munganga aone ni kitu gani imeingia.