Makuzi ya Rika

Ripoti za takwimu za watoto wadogo zinazonipitia siku hizi zina sentensi moja inayojirudia: asilimia kadhaa ya watoto "wako katika mwelekeo sahihi wa kimaendeleo". Nimeikuta mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba ipo kamati mahali fulani iliyoipitisha, ikajipongeza, ikaenda kunywa chai.

Nyuma ya sentensi hiyo kuna kipimo. Ni cha UNICEF, kilichotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya kiashiria 4.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. (Kiashiria au kiashirio? Ugomvi huo una wenyewe, leo siuingii.) Mama au mlezi wa mtoto wa miezi 24 hadi 59 huulizwa maswali 20. Anaweza kuruka juu, miguu yote miwili ikaacha ardhi? Anafunga na kufungua vifungo bila kusaidiwa? Anahesabu vitu 10? Majibu hujumlishwa, kisha hupimwa kwa umri: mtoto wa miezi 24 hadi 29 anatosha akiweza mambo 7, wa miezi 48 hadi 59 anadaiwa 15. Jambo hilo la umri ndilo lililowapita wanakamati.

Tuanze na "mwelekeo". Limetoka kwenye kuelekea, na anayeelekea hajafika, pengine hata hajainuka. Nyumba huelekea kibla miaka 100 bila kusogea hatua. Likafuatishwa "sahihi", neno tulilolipokea kwa Waarabu likiwa na maana ya uzima na usahihi, sisi tukaliongezea na ile sahihi ya kuweka chini ya barua. Sasa geuza sentensi upande wa pili, maana takwimu lazima igeuzwe: watoto waliobaki wako katika mwelekeo usio sahihi. Kwa Mswahili yeyote mtoto huyo amepotoka! Mwambie hivyo mama wa mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kufunga vifungo, atauliza mwanawe ameiba nini. Kiingereza, kwa "on track" yake, kiliazima njia au reli kwa sababu zake, na wafasiri wetu wakaifuata reli hiyo bila kuuliza inaishia wapi. Kuhusu "kimaendeleo" nitasema tu kwamba kwenye kata zetu maendeleo ni barabara, kisima na choo cha shule.

Wapo wengine, wasomi hasa, wanaopigania "ukuaji timilifu". Hao nawaheshimu, ila wamesahau darasa lao la sarufi. Timilifu ni la kutimia, la jambo lililokwisha, ndiyo maana tuna wakati timilifu. Mtoto wa miezi 30 hajakwisha, ndiyo kwanza ameanza.

Neno tunalo, makuzi, na lina ukoo. Kiswahili kina vitenzi vilivyopoteza sauti ya l mwishoni mwa mzizi, nayo huibuka vikinyambuliwa: zaa, zalia, vaa, valia, lea, lelea, kua, kulia, kama tunaposema fulani amekulia Pemba. Sauti hiyo ikikutana na i ya kuundia nomino hugeuka z. Hapo ndipo tulipompata mzazi, vazi, mlezi, malezi na makuzi. Mzazi, mlezi na makuzi wamepitia mlango mmoja, na walioyaunda maneno hayo hawakuhitaji semina. Programu ya taifa ya Tanzania iliyozinduliwa mwaka 2021 imeyaweka malezi na makuzi kwenye jina lake, ingawa ikaona lazima iongeze na maendeleo, tukapata MMMAM, kifupisho ambacho mtu hukitamka midomo ikiwa imefungwa. Ukuaji nauachia mizani na futi kamba. Makuzi yana mwili, ulimi, akili na tabia kwa pamoja, na maswali yale 20 yanauliza hayo hayo.

Neno la pili ni rika. Wagikuyu wana riika, Wachaga wana rika, na pote maana ni kundi la walioingia pamoja katika ngazi moja ya umri. Kikao kimoja nilikopeleka pendekezo la "makuzi ya rika" kilinijibu kwa barua ya mistari miwili kuwa neno hilo "lina harufu ya jando". Harufu! Wanaopambana na UKIMWI walishatupa mwelimishaji rika, na hakuna aliyeuliza nani alimtahiri. Mjumbe mwingine alitaka hirimu, neno zuri la ushairi, ambalo ningependa kumsikia akilitamka mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii kisha tuhesabu waliomwelewa.

Lakini hoja yangu kubwa hawakuigusa. Kipimo hiki hakikuundwa kumhukumu mtoto mmoja mmoja. Kinasema habari ya watoto wengi kwa pamoja, na mizani yake hubadilika kwa umri. Rika ni neno la kundi na la umri kwa wakati mmoja. Tutasema asilimia ya watoto wenye makuzi ya rika lao, na waliobaki wako nyuma ya rika. Aliye nyuma hufuatwa, akasaidiwa. Hakuna kosa alilotenda.

Anayedhani huu ni ugomvi wa maneno matupu autazame udumavu. Neno moja, limetoka kwenye kudumaa, kila mkulima analijua. Utafiti wa afya wa Tanzania ulipoonyesha kwamba udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16 na asilimia 30 mwaka 2022, wakuu wa mikoa waliweza kuulizwa hadharani na wakajibu. Takwimu ya makuzi haijapata bahati hiyo. Diwani hawezi kudai kwa mkurugenzi takwimu asiyoweza kuitaja kwa pumzi moja.

Kwa upande wa matumizi ya takwimu hiyo: halmashauri, au kaunti kule Kenya ambako katiba ya 2010 ilizikabidhi elimu ya awali, ziangalie watoto wanakwama kwenye maswali gani, ya lugha, ya hesabu au ya kuishi na wenzao, ndipo ziamue fedha ziende kwa walimu, kwa walezi au kliniki.

Na dodoso lifasiriwe na anayejua sarufi. Swali mojawapo linauliza kama mtoto anatumia sawasawa viwakilishi vya nafsi. Ukilifasiri kwa kutaja "mimi", "wewe" na "yeye" peke yake, utamwangusha mtoto anayesema "nipe" na "unakuja" toka asubuhi hadi usiku, kwa sababu Kiswahili huificha nafsi ndani ya kitenzi. Hapo takwimu imeharibika kabla haijafika kwenye kompyuta, na kamati itaandika kwa herufi nene kwamba watoto wetu hawajui kusema.

Mwenye neno bora alilete, nitalipima bila kinyongo. Hadi litakapokuja, rasimu zinazopita mikononi mwangu zitaandikwa makuzi ya rika, na mhariri akilifuta nitalirudisha.