Kutoka Wodi ya Pwani Hadi Likizo ya Familia

Katikati ya karne ya 19, katika kijiji cha wavuvi cha Berck, kaskazini mwa Ufaransa, aliishi mjane aliyejulikana kwa jina la Marianne mpweke. Mume na watoto wake walikuwa wamefariki. Riziki yake ilitokana na kulea watoto wagonjwa walioletwa kutoka Paris na idara ya serikali iliyohudumia yatima na maskini. Wengi wao walikuwa na kifua kikuu cha mifupa: uti wa mgongo umepinda, nyonga zimeliwa na ugonjwa, vidonda vinatoa usaha miezi nenda miezi rudi. Mara mbili kwa siku Marianne aliwapakia kwenye toroli, akalisukuma mchangani hadi majini, akawaosha vidonda kwa maji ya bahari, kisha akawarudisha nyumbani.

Leo mzazi anayempeleka ufukweni mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukutana na tatizo lile lile la Marianne: mchanga. Magurudumu membamba ya kiti cha kawaida huzama hatua chache tu baada ya lami kwisha. Ndiyo maana historia ya mtoto mwenye mahitaji maalumu na bahari ni ya vyombo na njia kama ilivyo ya upendo. Na ndani yake mna jambo la kuumiza: kwa zaidi ya miaka 100 watoto hawa walipelekwa baharini kwa maelfu, lakini mara nyingi bila baba wala mama.

Daktari Paul Perrochaud, aliyekuwa akiwaangalia watoto wa Paris waliowekwa eneo lile, aliona kwamba watoto wa Marianne wanapata nafuu iliyokuwa adimu kwa wagonjwa wa mjini. Aliwashawishi wakubwa wa Paris, na mwaka 1861 ikajengwa hospitali ndogo ya mbao pale pale ufukweni. Mwaka 1869 Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, alifika kufungua hospitali kubwa zaidi, yenye vitanda vya mamia ya watoto, ukuta wake ukitazama maji.

Berck haikuwa ya kwanza. Kule Margate, Uingereza, daktari John Coakley Lettsom alianzisha mwaka 1791 hospitali ya kuogesha maskini wa London baharini, ikapokea wagonjwa kuanzia 1796. Wengi walikuwa na kifua kikuu cha tezi za shingo. Nchini Italia, daktari Giuseppe Barellai wa Firenze alianza mwaka 1856 kupeleka watoto wagonjwa Viareggio, na mfano wake ukaenea pwani nyingine za nchi hiyo.

Madaktari wale waliamini kwamba chumvi ndiyo inayoponya. Robert Koch alipomtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 ilidhihirika kwamba adui ni kiumbe hai, na chumvi ya juu ya ngozi haikuwa ikimfikia ndani ya mfupa. Kilichowasaidia watoto kilikuwa jua, hewa safi, chakula cha kutosha na mapumziko marefu, vitu ambavyo mtoto wa chumba chenye giza mjini Paris hakuwa navyo. Tiba ilikuwa nzuri kuliko maelezo yake.

Kinachovutia zaidi kuhusu Berck ni jinsi mji wenyewe ulivyobadilika. Matibabu ya uti wa mgongo yalimtaka mgonjwa alale chali miezi, wakati mwingine miaka, mwili ukiwa umefungwa plasta. Madaktari kama François Calot walifanya mji huo ujulikane Ulaya nzima, na wagonjwa wakubwa kwa wadogo wakamiminika. Basi kikabuniwa kigari kirefu cha chini, mfano wa kitanda chenye magurudumu, kilichovutwa na punda au farasi. Mgonjwa alilazwa humo, na mwenye nguvu za mikono alishika hatamu mwenyewe, akajiendesha barabarani hadi pwani akiwa amelala vile vile. Familia zenye uwezo zilikodi nyumba karibu na mgonjwa wao. Mwandishi Jeanne Galzy, ambaye mwenyewe alilazwa Berck, aliandika riwaya juu ya maisha hayo, nayo ikapata tuzo ya Femina mwaka 1923.

Hakuna sheria iliyoulazimisha mji ule. Wageni wake walikuwa watu waliolala, na wenyeji wakajipanga kuwapokea watu waliolala. Hoja inayosikika hadi leo, kwamba ufuko ni mchanga na mchanga haubadiliki, Berck iliijibu zamani kwa punda na mbao.

Ila tusimsahau mtoto wa maskini. Mama yake alibaki Paris, umbali wa zaidi ya kilomita 200, akifanya kazi. Nauli ya treni ilikuwa kikwazo, na taratibu za hospitali zilikuwa kikwazo kingine. Mtoto aliondoka nyumbani akiwa na miaka minne, akarudi akiwa na saba.

Jawabu la mapema la jambo hilo lilipatikana ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1872 wafadhili wa Philadelphia walifungua Children's Seashore House mjini Atlantic City, katika jimbo la New Jersey, kwa ajili ya watoto wa familia maskini wenye maradhi ya muda mrefu. Karibu na jengo kuu vilijengwa vibanda vidogo vya akina mama, ili mama mwenye mtoto mchanga au mtoto asiyeweza kuachwa aje akae naye. Mama huyo alitoka kwenye joto la kiangazi la mjini, akalala na mtoto wake, akaamka naye, akampeleka kwenye upepo wa bahari. Kwa maisha ya mwanamke wa kiwandani, hiyo ilikuwa likizo, pengine ya pekee aliyowahi kupata. Wazo hilo lilistahili kuigwa na kila hospitali ya pwani. Kwa sehemu kubwa halikuigwa.

Mfano wa upande wa pili ni Sea Breeze, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1904 huko Coney Island, New York, na chama cha kusaidia maskini wa jiji hilo. Huko alilazwa mvulana mdogo mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, aliyefungwa kwenye ubao asijipinde. Picha yake, akitabasamu huku mikanda imembana, ilisambazwa kwa jina la “Smiling Joe” ili kuchangisha fedha, na mwandishi Jacob Riis alilipigia debe shirika hilo kwa nguvu zote. Rais Theodore Roosevelt alikwenda kuwatembelea watoto hao mwaka 1905. Fedha zilipatikana, na watoto wengi walinufaika. Hata hivyo picha hiyo ilikuwa na mtoto peke yake. Aliyetazama hakuoneshwa kwamba mtoto huyu ana mama anayengoja barua.

Dawa ndiyo iliyovunja mpangilio huo. Streptomycin iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na katika miaka iliyofuata kifua kikuu cha mifupa kikaanza kutibiwa bila kulala ufukweni miaka mitatu. Chanjo ya Jonas Salk dhidi ya polio, ugonjwa mwingine uliolemaza watoto, ikaja mwaka 1955. Vitanda vya pwani vikapungua, na Berck ikageukia kuwafanyisha mazoezi ya viungo watu waliopata ajali na kiharusi.

Wakati huohuo fikra juu ya mzazi zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson wa London alionesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku chache tu, bila mama. Hakuna aliyemdhulumu, lakini kila aliyetazama aliona mtoto akijikunja kwa huzuni. Baadhi ya madaktari walikasirika. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza, iliyoongozwa na Harry Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na akina mama wa watoto wadogo walale nao. Yale ambayo vibanda vya Atlantic City viliyatenda tangu karne ya 19 sasa yakaandikwa kuwa sera.

Lakini kurudishwa kwa mzazi hakukuleta njia ya kufika majini. Ufaransa ilikuwa imetoa likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi tangu mwaka 1936, na familia za kawaida zikaanza kuijua bahari. Mtoto asiyetembea aliachwa kwa bibi, au alikaa barabarani chini ya mwavuli akiwatazama ndugu zake wakicheza kwenye mawimbi. Ilibidi zipite karne nzima na zaidi tangu toroli la Marianne ndipo vikaenea viti vya kuingia majini, kama Tiralo ya Ufaransa: magurudumu manene yaliyojazwa upepo, kiti kilicholazwa kidogo, maboya mahali pa kuegemeza mikono. Msaidizi anakisukuma kwa nyuma, mchanga unakibeba, na maji yakifika kiunoni kiti kinaelea. Kuna pia majamvi ya plastiki yanayokunjuliwa kutoka barabarani hadi ukingo wa maji. Ugiriki imekwenda mbali zaidi: zaidi ya fukwe 100 zina Seatrac, kiti kinachoteleza juu ya reli hadi baharini kwa nguvu ya jua, na mtumiaji anakiendesha mwenyewe kwa rimoti.

Si kila mtoto anashindwa na mchanga. Mwenye usonji anaweza kukimbia vizuri kabisa, lakini kelele, mwanga mkali na nguo yenye maji vikamzidi nguvu. California, katika miaka ya 1990, Israel Paskowitz, bingwa wa kuteleza mawimbini kwa ubao, aliona kwamba mwanawe Isaiah mwenye usonji hutulia anapopandishwa kwenye ubao pamoja naye. Yeye na mkewe Danielle walianzisha Surfers Healing, ambayo huandaa siku za ufukweni kwa watoto wenye usonji bila malipo: mwelekezi anapanda nyuma ya mtoto, wanavuka mawimbi, wazazi wanatazama kutoka mchangani. Watoto wengi huanza kwa kupiga kelele na kukataa. Waelekezi huendelea kwa upole, na safari hii, tofauti na enzi za Sea Breeze, mama na baba wapo hapo hapo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo na mapumziko sawa na wengine. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kwenye pwani yetu bahari yenyewe inaongeza kazi: Mombasa na Zanzibar maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na kule Paje na Jambiani, vijiji vya Zanzibar, yakipwa huacha eneo pana la mchanga, mwani na mawe makali. Familia yenye mtoto wa kiti cha magurudumu huwa na saa chache tu karibu na maji kujaa. Ratiba ya maji inajulikana mwaka mzima kabla, kwa hiyo saa hizo zinaweza kupangwa na kutangazwa.

Halmashauri na kaunti za pwani zianze na ufuko mmoja wa umma kila moja: jamvi moja la kufika majini, viti viwili vya magurudumu manene, choo chenye mlango mpana, na mlinzi wa waogeleaji aliyefundishwa kumpokea mtoto mwenye usonji. Wazazi wa watoto hao waulizwe kabla ya kununua chochote.